Barua toka El Alto: watoto wanajibu kwa Kihispania

Shikamoo mama, natumaini hamjambo wote huko Same. Mimi mzima, baridi tu ya huku Bolivia, mji wenyewe uko juu zaidi ya mita 4,000, asubuhi hadi maji ya ndoo yanaganda.

Uliuliza ile voisi niliyorekodi sokoni watu wanaongea lugha gani, kile ni Kiaymara. Wanaokiongea wanapita milioni, hapa, Peru na Chile kidogo, hasa kuzunguka ziwa Titicaca, na bado UNESCO wamekiweka kwenye lugha zilizo hatarini.

Mama mwenye nyumba wangu anauza chuño soko la 16 de Julio, ni viazi vinavyogandishwa na baridi ya usiku, vinakanyagwa kwa miguu maji yatoke halafu vinaanikwa, vinakaa miaka. Na wateja wazee anapatana bei kwa Kiaymara, anatania, anacheka mpaka raha, mjukuu akifika tu anageuza Kihispania hapohapo. Nilimuuliza akasema hataki mtoto achekwe shule kama alivyochekwa yeye. Simlaumu hata kidogo, watu wake kabla ya mapinduzi ya 1952 karibu wote hata kura hawakuwa nayo.

Sheria zipo, katiba ya 2009 imezifanya rasmi lugha 36 za asili pamoja na Kihispania, 2012 ikaja sheria watumishi wa umma wajue lugha ya asili ya eneo lao, ila mimi kila ofisi niliyoingia ni Kihispania mwanzo mwisho. Redio San Gabriel inatangaza Kiaymara tangu 1955, mama mwenye nyumba haizimi kutwa, na mjukuu yupo palepale anasikiliza lakini hakuna anayemwongelesha, mtoto atajifunzaje kujibu?

Ndo maana nakuomba sana mama, watoto wa dada Upendo wakija Disemba waongeleshe Kipare, wakijibu Kiswahili we endelea tu na Kipare chako. Dada atasema watachanganyikiwa, mwambie sisi tulikua na zote mbili na shule tulifaulu.

Halafu nirekodie babu akisimulia zile habari za ndiva, yale mabwawa yetu ya kumwagilia mashamba, nani alikuwa anafungua maji na zamu walipangaje, kwa Kipare chake kilekile asibadilishe. Tuma vipandevipande maana intaneti ya huku inasumbua. Jumapili nitapiga, msalimie baba.