Barua kwa Idrisa kuhusu chapa za Rembrandt

Amsterdam

Mpendwa Idrisa,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi wazima, ni baridi tu inayotusumbua. Nimefurahi kusikia mama anaendelea vizuri na mguu wake. Tafadhali mpe shikamoo yangu.

Sasa nije kwenye lile neno lako. Uliandika kwamba mchoraji wa kweli hujulikana kwa rangi alizopaka kwa mkono wake, na kwamba chapa, yaani picha zinazochapwa karatasini kutoka bamba la shaba, ni nakala tu za kuuziwa wasioweza kununua picha yenyewe. Nilikwenda nalo mpaka mtaa wa Jodenbreestraat, kwenye nyumba aliyoinunua Rembrandt, yule mchoraji wa Kiholanzi, mwaka 1639, akaja kuipoteza kwa madeni baada ya kufilisika mwaka 1656. Siku hizi ni makumbusho. Nilipotoka mle, nilikuwa sikubaliani nawe kabisa.

Kuna fundi mle ndani anayewaonyesha wageni kazi ilivyofanywa. Bamba la shaba husuguliwa mpaka liwe laini, likapakwa nta iliyochanganywa na utomvu. Mchoraji huchora juu ya nta hiyo kwa sindano, hana haja ya kuichimba shaba; anaiondoa nta tu. Kisha bamba huingizwa kwenye tindikali, nayo hula pale palipobaki wazi. Likitolewa mapema mstari huwa mwembamba, likiachwa huwa mzito. Baada ya hapo nta huondolewa, wino husuguliwa ndani ya mistari, bamba hufutwa, hulazwa karatasi yenye unyevu juu yake, na vyote hupitishwa kwenye mashine ya magogo mawili ambayo fundi huizungusha kwa nguvu za mwili mzima.

Nakuomba uangalie hapo kwenye kufuta. Wachapaji wengi walilifuta bamba likabaki safi, wino ukakaa kwenye mistari pekee. Rembrandt mara nyingine aliacha utando wa wino pale alipotaka kivuli, akafuta zaidi pale alipotaka nuru. Hivyo bamba moja likatoa karatasi mbili zenye nyakati mbili za siku. Na karatasi zenyewe alizichagua. Tangu miaka ya mwisho ya 1640 baadhi ya chapa alizitoa kwenye karatasi ya Japani, iliyofika Amsterdam kwa njia ya biashara ya Kampuni ya Uholanzi ya Mashariki ya India. Ina rangi ya joto, na wino hutulia juu yake kwa upole. Nyingine alizichapa kwenye ngozi ya ndama. Mtu anayetaka nakala zinazofanana hajisumbui hivyo.

Halafu kuna namna nyingine aliyoipenda zaidi kadiri umri ulivyokwenda: kuikwaruza shaba yenyewe kwa sindano, bila nta wala tindikali. Sindano ikipita huinua ukingo wa shaba pembeni mwa mstari, kama udongo kando ya mtaro uliochimbwa sasa hivi. Ukingo huo hushika wino, na kwenye karatasi mstari hutoka mweusi, wenye manyoya, mithili ya mahameli. Lakini kila bamba likipita kwenye mashine ukingo hubanwa na kulala. Karatasi za mwanzo ndizo zenye weusi huo wote; za baadaye hukauka.

Kwa namna hiyo alitengeneza *Misalaba Mitatu*, picha ya Yesu akisulubiwa, mwaka 1653. Kila mchoraji anapolibadilisha bamba na kulichapa tena, huitwa hatua mpya; nami nimeiona hatua ya kwanza na ya nne kwa pamoja, na hapo ndipo nilipokukumbuka sana. Katika ile ya kwanza nuru inamwagika toka juu, Yesu yuko katikati, na chini unawaona watu mmoja mmoja: akida wa Kirumi aliyepiga magoti, wanawake wanaolia, wanaokimbia. Kisha, miaka kadhaa baadaye, kwa hatua ya nne, akalichukua bamba lile lile, akakwangua umati karibu wote, akashusha mistari mizito ya giza toka pande zote. Mhalifu wa upande wa kulia wa picha karibu amezwe. Farasi ametokea, ameinua miguu ya mbele. Ni giza lile la Injili, la tangu saa sita mpaka saa tisa, nami sijaona mtu mwingine aliyelichora likiwa linaingia. Hebu niambie, nakala ni ipi kati ya hizo mbili?

Jambo moja dogo zaidi. Mwaka 1650 alichora kombe la konokono, la jamii ya wale wa Bahari ya Hindi na Pasifiki. Chapa hugeuza kila kitu, kushoto kuwa kulia. Jina lake alilikumbuka, akaliandika kinyume kwenye shaba ili lisomeke sawasawa. Kombe akalichora kama lilivyokuwa mbele ya macho yake, kwa hiyo kwenye karatasi limejisokota upande ambao konokono hao hawajisokoti. Nimelipenda hivyo hivyo.

Nimempa mjomba wako, anayesafiri mwezi ujao, bahasha yenye picha kubwa za ile hatua ya kwanza na ya nne. Zitandaze mezani sambamba, mchana, karibu na dirisha. Mtafute yule akida kwanza, kisha farasi. Halafu niandikie unipinge, ukiweza.

Rafiki yako,
Neema