Mheshimiwa Diwani, geuza mtaro wa barabara kabla ya mvua nyingine

Mheshimiwa Diwani,

Shikamoo. Ninakuandikia hadharani kwa kuwa barua tulizoleta ofisini hazikujibiwa, na mvua ya juzi imenimaliza subira.

Sisi wa bustani za bondeni hapa Pongwe tuliamka tukakuta mboga zimefunikwa tope jeusi. Ukilifikicha linavutana vidoleni. Ni mpira wa matairi. Malori ya saruji yanapita barabara ya Segera yamejaa pomoni, yanafunga breki penye tuta, kisha yanaondoka kwa nguvu. Hapo ndipo matairi husagika zaidi. Tairi huanza jipya, likaisha kipara. Mpira uliopungua umekwenda wapi, Mheshimiwa? Uko kwenye mchicha tunaowauzia akina mama lishe.

Na si mpira mtupu. Tairi lina masizi, mafuta, na zinki inayofikia kama asilimia 1 ya uzito wake. Zinki kidogo mmea unaihitaji, ila ikizidi udongoni hudumaza mizizi na kudhuru nyungunyungu. Mwaka 2020 watafiti wa jimbo la Washington, Marekani, walieleza kwamba dawa ya kuzuia matairi yasipasuke, iitwayo 6PPD, ikikutana na ozoni, gesi iliyomo hewani, hugeuka sumu, na ndiyo iliyokuwa ikiua samaki aina ya coho mitoni kila mvua iliponyesha. Maji yale yalitoka barabarani, kama haya yetu.

Mchicha wangu siku hizi hautaki kurefuka, majani ni ya njano, nyungunyungu siwaoni tena. Pengine oili na vumbi la breki navyo vimo. Lakini vyote vinatokea mdomo mmoja, wa mtaro ule. Ada za watoto wangu zinatoka kwenye bustani hii, sina nyingine.

Ulisimama mkutanoni kabla ya uchaguzi, ukanyoosha kidole pale kwenye kalavati, ukaahidi maji yataelekezwa kwingine. Tulikupigia makofi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama. Na sisi wa bondeni tumo.

Tunaomba udongo upimwe. Tunaomba lichimbwe bwawa dogo lenye majani pembeni, tope lituame kabla maji hayajatufikia. Kama fedha ni haba, hayo yasubiri. Mtaro usisubiri. Ugeuze mtaro, Mheshimiwa.

Mkulima wa mboga,
Bondeni, Pongwe, Tanga