Kuhusu Salim, hidrojeni na betri

Kwa Halima,

Salamu nyingi kutoka Naivasha. Mama anaendelea vyema, na Njeri amejifungua salama, mtoto wa kike. Mengine ya nyumbani nitakupigia simu, maana hili la Salim limenikaa kichwani tangu jana.

Unasema mjomba anamsukuma aende Ujerumani kusomea hidrojeni, eti betri zitakuwa zimepitwa na wakati kabla hajamaliza. Halima, mimi naishi karibu na Olkaria, kwenye mitambo ya stima ya mvuke wa ardhini. Usiku wa manane watu wakishalala, mvuke huachiliwa hewani kwa sababu stima yake haina mnunuzi. Kule Loiyangalani, kwenye mitambo ya stima ya upepo, upepo nao huvuma sana usiku huohuo, na baadhi ya mitambo hulazimika kupunguzwa. Jioni inayofuata, kila nyumba ikiwasha taa na pasi, stima haitoshi na mitambo ya mafuta inawashwa. Inaniuma sana. Nishati safi tunaitupa, halafu tunachoma mafuta ya kununua.

Tunachohitaji ni kuihifadhi stima ya usiku, na pengo hilo ni la saa chache tu. Ukiweka yuniti 100 za stima kwenye betri za lithiamu, zinarudi kama 85. Ukizitumia kupasua maji upate hidrojeni, uigandamize, uihifadhi, kisha uigeuze tena kuwa stima, utabaki na 30 hivi, au 40 ukibahatika. Zilizobaki zimepotea njiani kama joto. Kutoka usiku hadi jioni, kwa nini tukubali hasara hiyo? Australia Kusini walifunga betri ya megawati 100 pale Hornsdale mwaka 2017, na miaka mitatu baadaye wakaiongeza hadi 150.

Lakini usimvunje moyo. Wajerumani wana miezi mizima ya baridi na jua hafifu, na betri za kushikilia umeme wa miezi zingewagharimu mno. Hidrojeni, kwa kuwa ni gesi, inaweza kungoja kwenye mapango ya chumvi chini ya ardhi. Sisi hatuna majira ya namna hiyo, na hilo mjomba halifikirii.

Kwetu hidrojeni ina kazi nyingine: mbolea. Ukiiunganisha na naitrojeni ya hewani unapata amonia, na huko ndiko mbolea za yurea na CAN zinakotoka. Wakumbuka 2022, mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, ulipopita shilingi 6,000? Baba Wambui alipanda mahindi bila mbolea kabisa. Mkakati wa hidrojeni ambao serikali ya Kenya ilizindua 2023 umeanzia kwenye mbolea, na naona wamelenga vizuri. Ila mtambo wa kupasua maji ni ghali. Ukiuendesha saa chache za usiku tu, gharama yake hairudi. Unataka stima ya kutwa kucha, kama ya mvuke wetu.

Kwa hiyo swali langu kwa Salim ni moja: hiyo kozi inafundisha amonia, au magari ya hidrojeni tu? Ada inalipwa na nani? Ile kazi ya kufunga betri hapo Mombasa, wanaweza kumngojea? Mama yake anasemaje? Na yeye mwenyewe, mjomba akiwekwa kando, moyo wake uko wapi? Niandikie kabla ya Ijumaa, maana umesema fomu inafungwa Jumamosi.

Wako,
Wanjiku