Barua kwa mwanangu Rehema: usishuke garini

Magomeni, Alhamisi usiku

Mwanangu Rehema, mama yangu,

Barua hii nimeichomeka ndani ya lile blanketi la kahawia kwa sababu najua hutalifungua mpaka ufike Arusha kwenye kazi yako mpya ya kuendesha watalii na baridi ikubane. Ungeisoma hapa nyumbani tungeanza kubishana, na presha ya mama yako haitaki mabishano wiki hii. Kesho kutwa alfajiri nitakusindikiza mpaka stendi ya Mbezi, nitabeba begi, nitakuambia safari njema, basi. Mengine ni haya.

Nimeiangalia ile sinema. Hatari! yenyewe, ile ya Wamarekani ya kukamata wanyama porini kwetu. Binamu yako aliniletea kwenye flashi, nikasubiri mlale wote. Usiku wa kwanza umeme ukakatika hata nusu sijafika, nikamalizia jana. Ni saa mbili na dakika 37, na sikusinzia.

Wewe unaijua kwa jinsi nilivyokusimulia, na jina la Mama Tembo ulipewa kwa ajili yake, kwa hiyo sirudii. Lakini kuna jambo nilikuambia nusu. Mimi sinema ile niliiona bila sauti. Ilikuwa 1973, nina miaka tisa, na babu yako aliegesha lori la kazini kwao nje ya uzio wa Drive-In, pale Msasani ulipo ubalozi wa Marekani sasa. Wenye tiketi waliingia na magari yao, wakatundika spika dirishani. Sisi tulikaa juu ya bodi ya lori, tumekalia magunia matupu, skrini tunaiona yote ila neno hatusikii. Basi babu yako ndiye akawa spika. Aliwasemea wote. John Wayne, yule mwigizaji mkuu, alimpa sauti nzito ya mzee wa Kizigua, na yule mwanamke wa Kiitaliano mwenye watoto wa tembo alimpa sauti ya bibi yako akigomba. Zaidi ya miaka hamsini nimeishi nikijua kwamba maneno yale ndiyo maneno ya sinema.

Jana nimesikia wanachosema. Wanataniana, wanakunywa, wanapendana. Nilikaa nikimngoja John Wayne aseme, "Kamba, we mtoto, kamba ndiyo roho yako!" Hakusema. Hakuna aliyesema. Maneno ni ya babu yako.

Sasa nisikilize, Rehema. Usishuke garini.

Najua mmefundishwa. Najua cheti kinasema nini, nimekisoma kila upande, na nimekitoa kopi tatu, moja ipo kwenye Msahafu. Nasema hivyo hivyo. Kwenye lile gari la kukamatia wanyama, mbele kabisa, juu ya madigadi, wamefunga kiti. John Wayne anakaa pale nje, mkononi ana mti mrefu wenye kitanzi, gari linaruka mashimo, na faru yuko ubavuni karibu kiasi kwamba unaona vumbi likimtoka mgongoni. Nilipokuwa mtoto, duniani hakukuwa na kitu nilichokitaka kuliko kiti kile. Kwa nini unadhani nilikuwa nakupakia mbele ya baiskeli, si nyuma kama watoto wa wenzangu? Na pale kwenye mteremko wa kwenda Jangwani nilikuwa naachia breki ili ucheke. Lile kovu la ugokoni mwako, mama yako mpaka leo anajua uliteleza kwenye ngazi za madrasa. Hilo liache kama lilivyo.

Jana nimekitazama kiti kile kwa macho ya mtu mwenye mtoto. Mguu mmoja wa yule bwana unaning'inia nje. Mwanzoni tu mwa hadithi mwenzao anapigwa pembe ya mguu, damu inamtoka, wanamkimbiza hospitali. Sehemu ile nilikuwa nimeisahau kabisa. Nimekusimulia sinema hii labda mara mia, na sehemu ile sikuwahi kuisema. Nadhani babu yako aliipita haraka, na mimi nikaipita alivyoipita yeye.

Tena ule ukamataji haukuwa wa uongo. Waigizaji walifukuza wanyama wenyewe, wanyama wa porini kweli, huko huko Momella na Manyara na Ngorongoro unakokwenda. Kuna faru alichomoka kwenye kamba, wakamfukuza upya, na mwongozaji wao Howard Hawks akaiacha picha ile humo humo. Unamwona mnyama anageuka. Faru macho yake si mazuri, hilo umenifundisha wewe, anasikia na kunusa. Lakini ana zaidi ya tani moja na anakimbia mpaka kilomita 50 kwa saa. Akikujia hujui amekuona au amesikia tu buti lako. Kwa nini basi buti lako liwe chini?

Mtalii atakuomba. Atakuambia amelipa hela nyingi, ametoka mbali, anataka picha akiwa amesimama kwenye nyasi, mara moja tu. Mwingine atakuambia uache barabara usogee kidogo, na ataigusa mifuko yake ili ujue tipu ipo. Madereva wenzako wanaume watakusogeza kwa maneno: huyu binti wa Dar, mwoga. Wakiyasema hayo, funga kioo. Wewe waache waseme. Mimi nimeitwa mwoga kazini miaka kumi na nane kwa sababu nilikataa kuendesha gari lisilo na breki za uhakika, na nimestaafu na miguu yangu miwili.

Nikuambie na kingine nilichokiona. Watu wetu wamejaa kwenye sinema ile. Wanashika kamba, wanabeba vizimba, wanasukuma, wanaimba, na kuna siku wanakuja kumpa yule mwanamke jina la Mama Tembo, wanampaka rangi, kila mtu anacheka. Lakini hakuna hata mmoja wao ambaye hadithi inamfuata mpaka kwake tukajua anakula nini na ana watoto wangapi. Walipiga picha zile kabla ya Uhuru, na ilipotoka 1962 nchi tayari ilikuwa yetu. Nikiwa juu ya lori sikuona upungufu wowote, kwa sababu babu yako aliwasemea na wale pia. Mbeba kamba alikuwa na maneno mengi kuliko John Wayne! Jana, bila babu yako, wamenyamaza. Nilishusha sauti ya runinga mpaka mwisho nikajaribu kuwasemea mimi, nikashindwa, koo ilikataa.

Na wewe Jumatatu unashika usukani, jina lako limeshonwa kifuani, watalii sita nyuma wanangoja useme. Pale barazani nimewaambia wote. Mzee wa duka la mkaa aliuliza kama wanawake wanaruhusiwa, nikamjibu jibu ambalo sitaliandika hapa. Najua kwamba mwaka ule nilimfundisha gari kaka yako nikakuacha wewe, na ukaenda kujifunza kwa yule dereva wa daladala wa mtaa wa pili, ukinificha. Kaka yako ndiye aliyegonga nguzo. Sasa hivi nakuona unavyorudisha gari nyuma kwenye uchochoro wetu bila kugusa ndoo ya mtu, na nasimama dirishani mpaka umalize.

Sasa la babu yako.

Ulirudi kwenye usaili unacheka, ukasema walisisimka ulipowaambia kwamba babu yako alishika kamba kwenye Hatari!. Mimi nilinyamaza, nikatoka kwenda kufunga geti. Geti lilikuwa limefungwa.

Jana nimeisimamisha picha pale pale alipokuwa akininyooshea kidole: "Yule mwenye kofia, nyuma ya gari, mimi huyo." Nikasogea mpaka pua ikagusa kioo cha runinga. Ni mtu mwingine, Rehema. Masikio si yake, na masikio ya ukoo wetu unayajua. Wala si jana nilipojua. Babu yako alipofariki, kwenye lile sanduku la bati nilikuta kadi yake ya kazi ya shamba la mkonge, Muheza, mihuri kuanzia 1960 mpaka 1963, hakuna mwezi uliorukwa. Momella hakuwahi kufika. Niliikunja nikairudisha chini ya kanzu zake. Wewe ulikuwa darasa la nne. Kesho yake jioni, watu wa msiba bado wamejaa uani, ukaja ukakaa mapajani ukaniomba nikusimulie babu alivyomshika faru, na mimi nikakusimulia.

Babu yako usimlaumu, alikuwa anamfurahisha mtoto mmoja usiku mmoja. Mimi nilikuwa na miaka mingi ya kusema.

Kwa hiyo huna deni lolote huko. Hakuna mtu wa damu yetu aliyewahi kumkaribia faru hata hatua mia. Ukikuta wamekupangia Ngorongoro, na redio ikasema faru yupo, simamisha gari barabarani, waonyeshe kwa darubini, eleza. Una mengi ya kueleza. Waambie habari za Faru Fausta, aliyekufa Desemba 2019, wakasema ana miaka 57. Hesabu hiyo nimeipiga mwenyewe: alizaliwa mwaka ule ule sinema ilipotoka. Kwenye sinema wenzake wanafungwa kamba wapelekwe kwenye bustani za wanyama, kisha miaka ya sabini na themanini majangili wakaja na bunduki, na yeye akabaki, akazeeka, mwisho wakamtunza ndani ya uzio baada ya fisi kumjeruhi. Hiyo habari ni kweli yote, na unaisema ukiwa umekaa kwenye kiti chako, mlango umefungwa.

Kama utaamua kuwaambia wale mabosi ukweli wa babu, waambie. Kama utanyamaza sitakuuliza.

Hela uliyomwachia mama yako ya friji, sehemu yake imeingia kwenye pampu ya maji. Iliungua wiki iliyopita, nikaona nisikuambie ukiwa kwenye mitihani ya mwisho. Nitairudisha mpangaji wa uani akilipa, ana miezi miwili sasa na ana mtoto mchanga, sijapata mdomo wa kumdai. Mama yako kliniki ni Jumanne, mpigie Jumatatu usiku umkumbushe, mimi nikimkumbusha anasema namfuatilia. Yule kuku wako mweusi ameanza kutaga chini ya baiskeli, nimezuia mtu yeyote asiiguse. Soksi nzito nimekuwekea jozi nne, mbili ni zangu za zamani lakini hazijatoboka. Wanasema asubuhi chini ya Meru baridi inauma vidole, na dereva asiyehisi vidole vyake hashiki breki vizuri.

Ukipita Momella nipigie picha ile barabara, mlima uwe nyuma. Piga kupitia dirishani. Nikiona kwenye picha hakuna ukingo wa mlango wala kioo nitajua umeshuka, na nitapanda basi siku hiyo hiyo nije.

Baba yako

Chaja yako umeisahau juu ya friji. Nimeiweka mfuko wa pembeni, ule wenye zipu mbovu.