Elementi nzito mno nazo zina la kutufundisha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi gazetini nipinge dai linalorudiwa mara kwa mara, kwamba elementi nzito mno, yaani zile ambazo atomi zake zina protoni nyingi sana, kwa kuwa huvunjika upesi, hazina faida ya kuchunguzwa. Chukua nobeliamu-254, yenye protoni 102 (254 ni jumla ya protoni na nyutroni katika kiini, yaani kitovu cha atomi), inayopatikana kwa kuvurumisha viini vya kalsiamu kwenye shabaha ya madini ya risasi, na ambayo nusu ya viini vyake huvunjika ndani ya sekunde 51 hivi. Kiini hicho huweza kuzaliwa na nishati ya ziada na kuishikilia kwa takriban robo ya sekunde, muda ambao kwa kiini ni mrefu ajabu, kabla ya kuitoa kama miale ya gama na elektroni. Watafiti, wakiwemo wa Jyväskylä nchini Ufini, hupima miale hiyo ili wajue protoni na nyutroni zimejipangaje, maana mpangilio huo ndio unaozuia kiini kisipasuke mara moja kwa msukumano wa protoni zake. Kinachonishangaza zaidi, nakiri, ni damstadiamu-270, elementi nyingine nzito mno, ambayo hali yake yenye nishati ya ziada hudumu kuliko hali yake tulivu.

Wako,
Mwalimu wa Fizikia