Fueni maji mapema: barua ya wazi kwa vijana wa kwaya, kutoka kwa babu yenu hapa Bagamoyo

Tumsifu Yesu Kristo, wajukuu zangu.

Jumapili iliyopita goti lilinisumbua nikakaa benchi la nyuma kabisa, na mtu akikaa nyuma anaona mengi. Niliona simu zikiwaka chini ya vitabu vya nyimbo. Ila siwaandikii habari za simu, hizo mtaambiwa na katekista. Nawaandikia kuhusu kile ambacho hata mi niliyekaa nyuma sikukiona, yaani mlichokuwa mnawaza.

Kila misa tunajipiga kifua tunasema nimekosa mno kwa mawazo, kwa maneno, kwa vitendo na kwa kutotimiza wajibu. Mmewahi kujiuliza kwa nini mawazo yametangulia? Mi miaka mingi nilikuwa naparuka pale kwenye mawazo kama mtu anavyoruka dimbwi, najiambia ah, wazo ni wazo tu, nani kaumia.

Afu kuna mwenzangu mmoja akanidhulumu hela ya chombo cha baharini. Simtaji. Sikumgusa wala sikumtukana, watu wakanisifu mzee huyu ana subira. Subira gani! Kila usiku nikizima taa namfungulia kesi kichwani, hakimu mimi shahidi mimi, namshinda, kesho yake naanza upya, na siku zingine namuona kabisa anazama kule nje ananipungia mkono na mi nimekaa ufukweni nakunywa kahawa yangu na kashata. Na komunyo nilikuwa napokea. Miaka sita! Siku aliyofiwa na mkewe nikaletewa habari, na kabla sijasema pole nikasikia moyo umefurahi. Sekunde mbili tu. Nikajiogopa wajukuu zangu, nikakaa chini pale pale kwenye vumbi la mbao.

Nyie wote mnaujua ule mnara wa kanisa la zamani pale misheni, ambamo mwili wa Livingstone, yule mmisionari Mzungu, ulilazwa Februari 1874. Wageni wanaambiwa habari za akina Chuma na Susi, watumishi wake, walivyoubeba miezi na miezi kutoka Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Mi kinachonikaa ni kwamba moyo wake haukufika hapa, waliuzika kule kule chini ya mti, uliokuja ni mwili uliokaushwa. Ndo nilivyokuwa mimi miaka ile sita. Benchini upo mwili umevaa kanzu safi, moyo umezikwa porini kwenye hela ya chombo.

Sasa niwaambie jambo la ufundi maana ndo ninalolijua. Chombo cha mbao kisichoingiza maji hakipo. Hata kipya, hata kilichopakwa deheni vizuri, yale mafuta ya kuzuia maji, ukiinua mbao za chini utakuta ngama, pale chini kabisa ya chombo, ina maji. Nahodha halii kwamba chombo kimelaaniwa, anatoa upo, kile cha kuchotea maji, mtu anafua, yaani anayamwaga maji nje. Kwa hiyo wale mnaoona wazo chafu limepita wakati wa sala mnadhani Mungu kawakataa, tulieni. Kishawishi si dhambi, Bwana wetu mwenyewe alishawishiwa jangwani. Kinachozamisha ni yule anayeyaona maji yamefika kwenye kisigino, anasema ntafua kesho, afu analala. Maji hayana haraka, yanapanda kidole kwa kidole.

Someni 2 Samweli 11. Daudi katembea juu ya dari jioni, kamuona mwanamke anaoga. Mpaka hapo mi namtetea, macho yameona. Lakini akapeleka mtu kuuliza habari zake. Pale kwenye kuuliza ndo kwenye ufa! Angerudi kitandani, Uria mume wa yule mwanamke asingeuawa, angekufa uzeeni. Na nyie mna njia ya kuuliza bila kutuma mtu, unaingia tu kwenye akaunti yake saa sita usiku unaangalia picha za miaka mitatu nyuma, hujafanya kitu ati, unaangalia tu.

Ufa wenyewe unautafuta kwa ncha ya kidole, macho hayatoshi. Unapitisha kidole taratibu kwenye maungio, ukihisi ubaridi unasimama, unachokoa pamba ya zamani iliyooza, unasokota pamba mpya umeilowesha mafuta, unaisukuma kwa patasi na nyundo ndogo, tk tk tk, sio kwa nguvu, ukipiga kwa nguvu ubao unapasuka. Ndo maana siwaambii mpigane na mawazo, ukikaa unajilazimisha usimuwaze mtu ndo umemuwaza. Kuna mmonaki wa karne ya 4 kule jangwa la Misri, Evagrius, alifundisha wazo baya lijibiwe kwa neno la Maandiko, kama Yesu alivyosema imeandikwa, basi, hakuna mjadala mrefu. Mi langu lilikuwa mstari mmoja wa Baba Yetu, kama tunavyowasamehe waliotukosea. Usiku wa kwanza niliusema kwa hasira, nadhani hata meno nilisaga.

Na semeni kwa mtu. Nilikwenda kitubio nikasema padri, kuna mtu nimemuua mara nyingi sana, padri akashtuka masikini, ikabidi nimweleze.

Yule mwenzangu nilikwenda msibani kwake, tukakaa mkekani hatukusema la hela. Mpaka leo hajalipa. Saa ingine usiku kesi inataka kufunguka tena na mi nainuka nachukua upo.

Jumamosi maji yakikupwa tutakuwa na mashua imelazwa pale chini ya soko la samaki, ina nyufa nyingi na mikono yangu siku hizi inatetemeka. Njooni watatu wanne mnisaidie kusokota pamba, chai na mihogo ipo.

Babu yenu