Kabla ya kulipia gari la turubai, inama utazame chini

Mhariri,

Matangazo ya magari ya zamani ya kufunguka paa huandikwa kwa maneno yale yale: halisi, adimu, bei ni maelewano. Picha hupigwa Mama Ngina au kando ya Fort Jesus, turubai limekunjwa na rangi inang'aa. Namba ya chesisi haitajwi, wala hakuna picha hata moja ya chini ya gari. Na huko chini ndiko gari la turubai la kweli linakojulikana. Naomba nafasi nieleze ya kukagua kabla pesa hazijatoka, kwa kuwa gari lililotoka kiwandani bila paa la chuma na saluni (gari la kawaida la paa la chuma) iliyokatwa paa kwa msumeno hazitofautiani kwa bei peke yake. Zinatofautiana pia kwa usalama wa waliomo ndani.

Magari mengi madogo ya miaka ya 1950 na 1960 hayana chesisi ya kujitegemea kama lori. Bodi ndiyo chesisi, na paa ni sehemu ya nguvu yake. Chukua boksi la kadibodi lililofungwa, ujaribu kulipinda, ni kazi. Likate mfuniko, litajipinda lenyewe mikononi. Kiwanda kilipotaka kuunda gari la wazi kilirudisha nguvu iliyopotea kwa kuongeza mabati kwenye mihimili ya chini ya milango, kwenye pembe za nguzo za mbele na chini ya sakafu. Vyaelea vimeundwa. Mtu anayekata paa uani mwa gereji hushughulikia kinachoonekana tu: anashona turubai, anapiga rangi, anaweka matangazo.

Nianze na Morris Minor, kwa sababu ndilo jepesi kughushiwa na bado yako mikononi mwa familia nyingi nchini. Minor ya wazi ilitengenezwa kuanzia 1948 hadi 1969, na zote zilikuwa za milango miwili. Ukiletewa Minor ya milango minne isiyo na paa, imekatwa, hakuna la kujadili. Kwa ile ya milango miwili, fungua bonneti usome kibati kilicho kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria. Katika Minor 1000 za miaka ya 1960, namba huanza na herufi zinazotaja bodi. MAT ni gari la wazi. MA2S ni saluni ya milango miwili, MAS ni ya milango minne, na MAW ni Traveller, ile yenye fremu ya mbao nyuma. Tarakimu inayofuata ni ya toleo: 3 kwa magari ya hadi karibu mwisho wa 1962, 5 kwa yaliyofuata. Kwa hiyo MAT5 ndiyo unayoitafuta, na MA2S5 kwenye gari la turubai maana yake ni saluni iliyokatwa.

Lakini kibati ni kipande cha bati tu. Hung'olewa kwenye gari lililooza na kupigwa kwenye jingine kwa dakika chache. Tazama ribiti zake. Kibati kilichochakaa chenye ribiti mpya zinazometa, au chenye matundu ya ziada pembeni, kiliwahi kubanduliwa. Huenda kilitolewa ili gari lipakwe rangi, na huenda kuna sababu nyingine, mwenyewe aeleze. Kisha usome kibati cha injini. Namba inayoanza na 9M ni ya injini ya sisi (cc, yaani ujazo wa injini) 948, na 10MA ni ya sisi 1098. MAT5 ilitoka na 1098. Ukikuta 9M humo, injini ilibadilishwa. Hilo si kosa kubwa kwa gari la umri huo, mradi injini iliyomo ndiyo iliyoandikwa kwenye logibuku.

Sasa lala chini, au bora zaidi, lipeleke gari kwenye shimo la fundi. Chukua kurunzi na bisibisi butu. Kwenye Minor ya wazi ya kiwandani utakuta bati la pili limeungwa kwenye mhimili wa chini ya mlango, na bati jingine la pembe ndani, mahali ambapo nguzo ya mlango inakutana na ukuta wa dashibodi, karibu na miguu ya dereva na ya abiria. Yapapase kwa mkono. Usibabaishwe na mishono ya kuchomelea peke yake, kwani hata gari halali la umri wa miaka 60 lishapita kwa welda mara kadhaa. Swali ni kama mabati hayo ya ziada yapo, yanene, na yameshikana na bodi urefu wote. Sindika bisibisi kila baada ya inchi chache. Ikizama, au ikitoa sauti ya kadibodi, hapo ni kutu iliyofunikwa kwa rangi.

Kipimo kinachoniaminisha kuliko vyote hakihitaji namba wala kibati. Kwanza funga milango utazame upenyo kati ya mlango na nguzo yake ya nyuma. Unapaswa kuwa sawa juu na chini. Ukiwa mwembamba juu na mpana chini, gari limezama katikati na nguzo zinainamiana. Kisha piga jeki upande mmoja, katikati ya gari, mahali pa kiwandani pa kupigia jeki, mpaka gurudumu linyanyuke kidogo. Jaribu kufungua na kufunga mlango wa upande huo. Katika bodi yenye afya mlango hufunga kama kawaida. Katika gari lililokatwa bila kuimarishwa, au lililooza mihimili, mlango hukwama au hugoma kushika kitasa, na ule upenyo hubadilika mbele ya macho yako. Muuzaji akikataa jeki isipigwe, ahirisha mazungumzo ya bei.

Hapa Pwani lazima niseme zaidi kuhusu kutu. Hewa ya bahari ina chumvi, na gari la turubai hunywa maji kuliko saluni. Masika yakinyesha, maji hupenya kwenye mishono, huloweka kapeti, na sakafu huoza kutoka ndani kwenda nje, huku chini kumepakwa lami nyeusi inayopendeza. Kwa hiyo ng'oa kapeti na mipira ya sakafuni. Usiridhike kuambiwa imegundishwa. Tazama matundu ya kutolea maji chini ya milango. Yakizibwa na mchanga au rangi, ukingo wa chini wa mlango utakuwa umeoza. Nenda asubuhi, gari likiwa kavu na halijaoshwa, kwa sababu bodi iliyolowa huficha mawimbi ya fila, ile lipu ya kuzibia mabonde na matundu ya bodi.

Beba sumaku ndogo nyepesi, uifunge kwa kitambaa isikwaruze. Ipitishe sehemu za chini za milango, madigadi ya nyuma na kuzunguka taa. Palipo na fila nene itadondoka. Ila jihadhari na kosa la wengi: Mercedes-Benz SL za miaka ya 1960, zile zinazoitwa Pagoda, zina bonneti, milango na mfuniko wa buti vya alumini. Sumaku haishiki hapo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ikishika kwenye bonneti ya Pagoda, bonneti hiyo si yake. MGB za mwanzo, yale magari madogo ya michezo ya Uingereza, nazo zilikuwa na bonneti ya alumini.

Tukifika kwenye hizo Pagoda, hatari si kukatwa paa, kwani zote ziliundwa wazi. Hatari ni kuuziwa 230 kwa bei ya 280. Namba ya chesisi ya 230SL huanza na 113.042, ya 250SL na 113.043, ya 280SL na 113.044. Injini zake huanza na 127, 129 na 130 kwa mpangilio huo huo. Tarakimu mbili zinazofuata kwenye chesisi nazo husema mengi: 10 na 12 ni usukani wa kushoto, 20 na 22 ni wa kulia, inayoishia na 0 ni ya gia za mkono, inayoishia na 2 ni otomatiki. Gari lenye 10 lililo na usukani wa kulia lilihamishiwa usukani baadaye, maana sheria yetu inataka wa kulia. Mkague aliyeifanya kazi hiyo kupitia kazi yenyewe: viungo vya usukani, bomba za breki, na dashibodi.

MGB ni rahisi kuzisoma. GHN ni la wazi, GHD ni GT yenye paa la chuma, na herufi L baada ya tarakimu ya toleo ni usukani wa kushoto. Nguvu yake yote iko kwenye mihimili ya chini ya milango, ambayo ina tabaka kadhaa za bati. Udanganyifu wa kawaida ni kuchomelea bati jipya la nje juu ya lililooza ndani. Kile kipimo cha jeki kitaliumbua.

Volkswagen ya mgongo wa kobe iliyo wazi iliundwa na kampuni ya Karmann huko Osnabrück, Ujerumani, kuanzia 1949 hadi 1980. Namba yake imegongwa kwenye mfupa wa kati wa sakafu, chini ya kiti cha nyuma. Kwa magari ya toleo la 1965 na kuendelea, tarakimu mbili za kwanza ni za aina: 15 ni la wazi, 11 ni saluni, 14 ni Karmann Ghia. Ya tatu ni ya mwaka wa toleo, kwa hiyo 156 ni la wazi la 1966. Kumbuka namba iko kwenye sakafu, na bodi imefungwa kwenye sakafu hiyo kwa bolti. Sakafu ya gari moja inaweza kubeba bodi ya jingine. Tafuta pia mihimili ya ziada ya chuma iliyofungwa chini, kila upande. Karmann waliiweka kwenye magari ya wazi, saluni haina.

Triumph Herald ni tofauti. Lina chesisi ya kujitegemea na paa lake la chuma limefungwa kwa bolti, kwa hiyo kulifungua hakulidhoofishi kama Minor. Hapo unapigania bei. La wazi la kiwandani huwa na CV mwishoni mwa namba.

Popote namba ilipogongwa, isugue kwa kitambaa chenye thina. Tarakimu ziwe na kina kimoja na mstari mmoja. Alama za grainda, rangi nene kuliko pembeni, au mshono unaozunguka kipande chenye namba ni sababu ya kuondoka. Gari lililochezewa namba litaishia kituo cha polisi, nawe ukiwa ndiye mmiliki.

Turubai lenyewe huwa halina siri nyingi. Likunje na kulifunga mara tatu kwa mkono wako. Fremu ya kiwandani huanguka mahali pake bila kusukumwa na watu wawili. Ya mabomba ya kuchomelea hubana. Kisha limwagiwe maji kwa mpira dakika 10 nawe uketi ndani.

Kwa upande wa karatasi, fanya upekuzi wa rekodi za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kabla ya kutoa hata shilingi ya kushikia. Linganisha chesisi, injini na aina ya bodi na ulichosoma kwa macho. Gari lililosajiliwa Kenya kabla ya 1989 lina namba ya herufi tatu na tarakimu, bila herufi mwishoni. Gari la 1967 lenye herufi ya mwisho linahitaji maelezo ya maandishi: liliingia lini, na karatasi za forodha ziko wapi, ikizingatiwa kwamba magari ya mtumba yaliyozidi miaka 8 hayaruhusiwi kuingia. Na mengi ya magari haya ni ya marehemu. Kama jina kwenye logibuku ni la baba aliyefariki, mtoto mwenye funguo si mwenye gari mpaka mirathi ipite Mahakama ya Kadhi kwa Waislamu, au mahakama nyingine kwa wengine.

Kwa magari ya Morris, MG na Triumph, jumba la makumbusho la magari la Gaydon, Uingereza, hutoa cheti kutoka kwenye kumbukumbu za kiwanda kinachoonyesha aina ya bodi, rangi na injini ya awali. Ni cheti chenye thamani, ila kinathibitisha namba ilivyokuwa siku ya kuzaliwa. Hakithibitishi kwamba bati lililo mbele yako ndilo lile. Ndiyo maana jeki imetangulia, na cheti nimekiacha mwisho.

Saluni iliyokatwa kwa ustadi, ikawekewa mabati yote ya kuimarisha, inaweza kuwa gari zuri la kuendeshea Nyali jioni. Iuzwe tu kwa jina lake na kwa bei yake. Ile iliyokatwa bila mabati isiuzwe kwa bei yoyote mpaka iimarishwe, kwa sababu ikigongwa ubavuni barabara ya Malindi milango haitafunguka.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Tangazo lolote la gari la zamani la kufunguka paa litakaloletwa kwenye kurasa zako litakiwe kutaja herufi za mwanzo za namba ya chesisi, aina ya bodi kama ilivyo kwenye logibuku, na liambatane na picha moja ya mhimili wa chini ya mlango, kapeti likiwa limefunuliwa.

Fundi wa bodi,
Tononoka, Mombasa